Usukani Uliojifunga: Sababu Zake na Jinsi ya Kuufungua

Wekeni penseli zenu karibu, maana leo penseli itafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuandika. Ya pili mtaisikia baadaye kidogo.

Somo letu ni la motokaa. Huenda mwenzetu wa Mbwera au Salale akasema, "Sisi watu wa delta twasafiri kwa mtumbwi na kwa boti. Motokaa zatuhusu nini?" Zatuhusu, ndugu. Boti hukufikisha Nyamisati tu. Kutoka hapo kwenda Bungu, Kibiti au Dar es Salaam utapanda gari, na gari likikataa kuondoka, wewe abiria ndiwe utakayekaa juani na mizigo yako. Tena vijana wetu wengi wa Kibiti na Bungu hupata riziki kwa Noah, bajaji na bodaboda, na vyombo vyote hivyo vina kitu kimoja tutakachokieleza leo.

Tuseme hivi. Mama mjamzito ameletwa usiku kwa boti kutoka visiwani. Uchungu umeanza, naye hana budi kufikishwa kituo cha afya Kibiti. Gari lipo, mafuta yamo. Dereva atia ufunguo, ufunguo hauzunguki. Ashika usukani, usukani hauendi kushoto wala kulia. Papo hapo kila mtu ana shauri lake. Mmoja asema ni betri. Mwingine asema gari limechezewa na watu wabaya. Wa tatu aleta koleo, aukamata ufunguo na kuuzungusha kwa nguvu zake zote, na ufunguo wakatika ndani ya tundu. Sasa gari zima kabisa haliondoki mpaka fundi atoke mjini, na mama yule yungali amelala kwenye kiti cha nyuma.

Hapo hapakukosekana fedha wala fundi. Palikosekana kujua jambo moja: usukani uliojifunga mara nyingi si ubovu. Ni kufuli linalofanya kazi yake.

Tulitazame kufuli lenyewe. Usukani, ambao madereva wengi huuita steringi, umeshikwa na chuma kirefu kinachoshuka chini mpaka kwenye vyuma vinavyopindisha magurudumu ya mbele. Kando ya chuma hicho, karibu na tundu la ufunguo, kuna komeo dogo la chuma linalosukumwa na springi. Chuma kirefu nacho kimechongwa vipengo. Ukizima gari na kuchomoa ufunguo, komeo huachiliwa. Likikuta pengo mbele yake, huingia. Lisipokuta pengo, hungoja. Halafu mtu anaposhuka hushika usukani ili ajiinue, au mtoto hukaa kwenye kiti cha dereva akauchezea, na usukani ukizunguka kidogo tu pengo hufika mbele ya komeo. Utasikia mlio, ta! Usukani umefungwa. Ndiyo maana dereva huapa kwamba aliliacha gari likiwa zima, naye asema kweli.

Kufuli hili liliwekwa kwa ajili ya wezi. Mwizi aweza kuunganisha nyaya na kuwasha injini bila ufunguo, lakini hawezi kwenda mbali ikiwa magurudumu hayapindi. Wazee waliopata kuendesha Land Rover za miaka ya 1950 na 1960 watawaambia kwamba hawakuliona kufuli hili, nao hawakosei. Kwenye Land Rover liliingia na zile za mfululizo wa tatu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1971. Kampuni ya General Motors ya Marekani ililiweka kwenye magari yake ya mwaka 1969. Leo karibu kila gari dogo linalopita Kibiti, lile lililokwisha kutumika Japani likaletwa kwetu, linalo.

Sasa tusome. Ninyi mmejifunza herufi; hapa zitawafaa. Ukitazama pete ya chuma inayozunguka tundu la ufunguo, utaona maneno manne madogo. La kwanza ni LOCK, maana yake funga. Hapo ndipo ufunguo huingizwa na kutolewa, na hapo ndipo komeo hufanya kazi. La pili ni ACC. Hapo redio hulia, na komeo limekwisha kuondoka. La tatu ni ON: taa za mbele ya dereva huwaka, gari lipo tayari, na hapo ndipo ufunguo hukaa wakati wa safari yote. La nne ni START, nalo huwasha injini. Ukiachia ufunguo hurudi wenyewe kwenye ON. Yaandikeni maneno hayo manne katika madaftari kwa mpango wake, kisha kesho mwombeni dereva yeyote awaonyeshe kwenye gari lake. Magari mengine yana neno OFF mahali pa ACC au karibu yake, lakini kwa kawaida LOCK huwa mwanzo.

Basi kwa nini ufunguo hukataa kutoka LOCK? Watu wa delta wataelewa upesi kuliko watu wa mjini. Umefunga mtumbwi kwenye mti wa mkoko, na maji yanatoka. Mkondo wauvuta mtumbwi, kamba yakaza kama chuma. Je, utafungua fundo? Hufungui hata ukiuma kwa meno. Lakini ukiuvuta mtumbwi kwa mkono mmoja kuelekea mkoko, shibiri moja tu, kamba hulegea, na fundo hufunguka kwa vidole viwili. Fundo halikuwa na ubaya. Ulikuwa ni mzigo wa mkondo.

Komeo la usukani ni vivyo hivyo. Gari limeegeshwa huku magurudumu ya mbele yamepinda, pengine yameegemea jiwe, au yamezama katika mchanga, au yamekaa katika mfereji wa tope uliochimbwa na malori. Matairi ni mpira. Yakipindishwa hutaka kurudi. Basi hukisukuma kile chuma kirefu, na chuma hulibana komeo ubavuni mwa pengo. Ufunguo, ili uzunguke, lazima ulichomoe komeo. Komeo limebanwa, ufunguo hauzunguki. Ukiongeza nguvu kwenye ufunguo unapigana na uzito wa gari zima kwa kipande cha shaba chembamba kuliko kidole. Nani atashinda?

Dawa yake, basi, ni kuondoa mzigo. Keti vizuri kwenye kiti. Ingiza ufunguo mpaka mwisho wa tundu. Kwa mkono mwingine ujaribu usukani polepole, kushoto kisha kulia. Utaona ya kuwa upande mmoja hugoma kabisa, kama umegonga ukuta, na upande wa pili hulegea kidogo, pengine upana wa kidole kimoja. Upande huo unaolegea ndio upande wa kulivua komeo mzigo. Usukume usukani upande huo na uushikilie hapo hapo, usiuachie, huku mkono wenye ufunguo ukizungusha taratibu kuelekea ACC. Mikono miwili hufanya kazi kwa pamoja. Wengi hukosea hapa: hutikisa usukani kwanza, wakauacha, ndipo wakazungusha ufunguo, na usukani ukiachwa tu, tairi hulibana komeo tena.

Ikiwa pande zote mbili zaonekana sawa, jaribu huu, kisha ule. Usichoke upesi. Mara nyingi hufunguka kwa jaribio la pili au la tatu, na utashangaa jinsi ufunguo unavyozunguka laini kana kwamba haukukataa kamwe.

Kwenye mchanga wa pwani na tope la masika kazi huweza kuwa nzito zaidi, maana gurudumu limeshikwa na ardhi na mkono wa mtu hautoshi. Hapo fikiri: mzigo uko wapi? Uko kwenye tairi. Kama ni gari la gia za mkono, na mahali ni tambarare, mtu mmoja akae ndani na mguu kwenye breki, aweke gia huru, alegeze breki ya mkono, na wenzake walisukume gari shibiri moja mbele au nyuma. Gurudumu likibingirika kidogo tu hujinyosha, na komeo huwa huru. Mahali penye mteremko usifanye hivyo hata kama umechelewa, kwa kuwa utakuwa na gari linalokwenda na usukani uliofungwa. Gari la otomatiki likiwa kwenye P halisukumwi. Kwa hilo, na kwa lile lililozama, tumia jeki. Ziba magurudumu ya nyuma kwa mawe au magogo, mbele na nyuma, weka ubao mpana chini ya jeki ili isizame, kisha inua gurudumu la mbele mpaka liache ardhi. Mtu yeyote asiingie chini ya gari. Gurudumu lililoning'inia halina tena cha kulishika, nalo litarudi lenyewe.

Kuna hali nyingine: usukani hauna mzigo, walegea vizuri pande zote mbili ndani ya pengo, lakini ufunguo bado hauzunguki. Hapo mtazame ufunguo wenyewe. Je, meno yake yamelika? Je, ni ule wa asili, au ni nakala ya nakala, iliyochongwa barabarani kutoka ufunguo uliokwisha kulika? Ndani ya tundu mna vijisahani vidogo, na kila kimoja husimamishwa na jino lake. Jino moja likipungua, kisahani kimoja hukaa vibaya na tundu lote hukataa. Jaribu ufunguo wa akiba. Mwenye gari asiye na ufunguo wa akiba achonge nakala sasa, wakati ufunguo wake ungali mzuri. Akingoja ulike, fundi atamchongea ubovu ule ule.

Pengine ni uchafu. Vumbi la barabara ya Bungu kwenda Nyamisati huingia kila mahali, na hewa ya chumvi huleta kutu. Na sasa ndipo penseli yafanya kazi yake ya pili. Kile kiini cheusi cha penseli ni kitelezi kikavu. Paka kiini hicho juu ya meno ya ufunguo, pande zote, mpaka yawe meusi. Ingiza ufunguo na kuutoa mara kadhaa, futa, paka tena. Haigharimu hata shilingi moja. Usitie mafuta ya kupikia, wala grisi. Siku ya kwanza vitaonekana kufaa. Baada ya mwezi vumbi litakuwa limeshikamana navyo, na ndani ya tundu mtakuwa na ugali wa udongo.

Magari ya otomatiki yana jambo lao ambalo huwatia watu wasiwasi bure. Mtu amefika, ataka kutoa ufunguo, ufunguo haurudi LOCK. Hakuna kilichoharibika. Tazama mti wa gia: haukufika kwenye P. Usukume mpaka P, ufunguo utatoka. Na asubuhi, ikiwa ufunguo wazunguka mpaka START lakini hakuna kinachotokea, tazama tena gia. Gari hilo huwaka likiwa P au N tu. Hilo si kufuli la usukani hata kidogo, na kuutikisa usukani hakutasaidia.

Zipo pia gari zisizotumia ufunguo wa kuzungusha. Dereva hukanyaga breki na kubonyeza kitufe. Nyingi za hizo zina komeo lile lile, ila huchomolewa na mota ndogo ya umeme. Likibanwa, taa ndogo ya kitufe huwakawaka na injini haiwaki. Fanya kama tulivyosema: sukuma usukani upande unaolegea, na ukiwa umeushikilia, bonyeza kitufe. Lakini kama taa za gari zimefifia au hazipo, mota haina nguvu ya kuchomoa komeo, na hapo kweli shida ni betri. Yule mtu wa kwanza wa Nyamisati angekuwa amesema sawa, kwa gari jingine.

Sasa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: usukani uliofungwa na usukani mzito. Uliofungwa huenda upana wa kidole na kugota. Mzito huenda, ila wataka mabega. Magari mengi ya sasa husaidiwa kupinda kwa pampu ya mafuta au kwa umeme, na injini ikizimika msaada huo hukoma. Kwa hiyo ukiufungua usukani kabla ya kuwasha injini na kuuona mzito, usishangae. Washa injini kwanza. Ukiwa mzito hata injini inaponguruma, tazama upepo wa matairi ya mbele, mafuta ya usukani, na mkanda unaozungusha pampu. Na ikiwa ufunguo umefika ON, injini inawaka, lakini usukani bado umegota kabisa, basi komeo limekwama au kimevunjika kitu ndani. Zima gari, usiende nalo hata hatua kumi. Huyo ni mgonjwa wa fundi.

Nimeacha jambo zito zaidi mpaka hapa. Kufuli hili ni rafiki gari likiwa limesimama. Gari likiwa mwendoni, ni kifo.

Wako madereva wanaozima injini kwenye mteremko ili kubana mafuta. Mimi nauona ni ujinga mkubwa, na abiria ana haki ya kusema. Injini ikizimwa, usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Na kama mkono wa dereva ukipitiliza mpaka LOCK na ufunguo ukatoka, komeo hungoja pengo, kama tulivyoona. Kona ya kwanza itampa pengo. Watengenezaji wameweka kizuizi makusudi: magari mengi ya gia za mkono hutaka ubonyeze ufunguo ndani kabla haujarudi LOCK, na ya otomatiki hutaka P. Lakini vizuizi huchakaa. Kama ufunguo wa gari lako huweza kuchomoka injini inapowaka, gari hilo lisibebe mtu mpaka tundu libadilishwe.

Msining'inize rundo la funguo za nyumba, duka na kufuli za baiskeli kwenye ufunguo wa gari. Mwaka 2014 General Motors iliita magari yapata milioni mbili na nusu kwa sababu swichi zake zilikuwa legevu: ufunguo uliweza kuteleza kutoka ON mpaka ACC gari likiwa mwendoni, hasa ukiwa na mzigo, au barabara ikitikisa. Injini ilizimika, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa inayomkinga dereva haikufunguka. Vifo 124 vilikubaliwa kulipwa fidia. Usukani wa magari hayo haukufungwa. Uzito tu na mifuko iliyolala vilitosha. Barabara zetu hutikisa kuliko za Marekani.

Na gari linapovutwa kwa kamba, ufunguo uwe ndani, umezungushwa mpaka ON au ACC, na dereva akae kwenye usukani. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari yanayokwenda Lindi na Mtwara hupita Rufiji bila kungoja pantoni, na mabovu pia huvutwa hapo kurudi Ikwiriri au Kibiti. Daraja hilo lina urefu wa karibu mita 970. Si mahali pa kugundua, gari likiwa limefungwa nyuma ya lori, kwamba ufunguo umo mfukoni mwa mtu aliyebaki nyuma.

Wenye pikipiki nao wasisahauliwe. Kwa pikipiki nyingi za bodaboda komeo huingia usukani ukiwa umepindishwa mpaka mwisho, kwa kawaida kushoto, na ufunguo ukibonyezwa na kuzungushwa. Ukikataa kufunguka, usiutikise kama mtu anayechunga mchele. Sukuma usukani kidogo zaidi upande ule ule ulikopinda, bonyeza ufunguo, zungusha. Tope likiwa limeingia, lioshe kwa maji kidogo, acha pakauke, kisha penseli.

Sasa swali la darasa, na mwalimu asiwajibie. Dereva ameliegesha gari la gia za mkono Nyamisati, juu ya mchanga, mahali tambarare, magurudumu yakiwa yamepinda kulia. Amerudi, ufunguo hauzunguki. Usukani wagoma kabisa kushoto, lakini kulia walegea upana wa kidole. Atausukuma upande gani, na kwa nini? Asipofaulu, atafanya nini kabla ya kutafuta jeki? Jibuni kwa sentensi nne au tano katika madaftari yenu. Mwenye gari au pikipiki karibu na darasa aombwe ailete, ili kila mmoja aingize ufunguo kwa mkono wake mwenyewe na kusoma yale maneno manne.